Malisho Yaliyo Chini ya Maji

Kianjokoma ni mji mdogo wa Kaunti ya Embu, juu katika miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, ambako mashamba ya chai hupakana na msitu wa Irangi. Asubuhi za huko ni za ukungu na baridi, na masika ikifika, mvua huweza kunyesha siku kadhaa mfululizo. Bahari haionekani wala haisikiki. Kwa hiyo msomaji wetu wa Kipini, Lamu au Gazi ana haki ya kutuuliza: makala ya nyasi za bahari yanahusiana nini na wachuma chai wa Embu?

Jibu ni maji, na udongo ubebwao na maji hayo. Mvua inyeshayo juu ya miteremko ile haibaki pale. Mto Rupingazi hupita Embu mjini, hujiunga na Mto Thiba, na Thiba humwagika katika Mto Tana. Upande wa Meru, mito ya Mutonga na Kathita huteremka hadi katika Tana hiyo hiyo. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000, nao hupita Garissa, Hola na Garsen kabla ya kuingia baharini katika Ghuba ya Ungwana, penye mji wa Kipini. Wazee wa Kipini huuita mto wa mahali pao Ozi, na jina hilo lina kisa chake. Zamani Tana ilikuwa na njia nyingine ya kuingia baharini, upande wa kusini zaidi. Katika karne ya 19 ukachimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Ozi ili mashua zipite, na mto wenyewe ukaipenda njia hiyo mpya ukaifanya yake. Kazi ya majembe ya watu wachache iligeuza mkondo wa mto mkubwa kuliko yote katika nchi. Tulikumbuke hilo kila tusikiapo kwamba mkono wa mwanadamu ni mdogo mbele ya maji.

Sisi wa pwani tuna mazoea ya kusema "bara" kana kwamba ni nchi nyingine. Mto haujui mpaka huo.

Sasa tuutazame mmea wenyewe. Bamvua likitoa maji mbali, mama anayekwenda kuokota kombe au kutafuta pweza hukanyaga kitu mfano wa zulia la kijani kibichi. Wengi wetu tunaliita mwani, au majani tu, na wala hatuligeukii mara ya pili. Lakini mwani na nyasi za bahari ni viumbe mbalimbali. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Nyasi za bahari ni mmea kamili kama mpunga au ukoka wa uani: zina mizizi izamayo mchangani, zina shina litambaalo chini ya ardhi, zina majani, zinachanua maua na kuzaa mbegu, na yote hayo hutendeka ndani ya maji. Chavua yake haibebwi na nyuki wala upepo, bali na mkondo wa maji, kutoka ua hadi ua. Subhanallah, ni mimea iliyojaaliwa kuishi mahali ambapo karibu kila mmea wa nchi kavu ungekufa katika siku chache.

Duniani zipo aina zipatazo 60 na zaidi. Pwani ya Kenya peke yake ina aina 12. Iliyoenea zaidi kwetu ni Thalassodendron ciliatum, yenye vikonyo vigumu kama vya mti mdogo na majani yaliyokusanyika kileleni. Hiyo ndiyo aghalabu tunayoiona imetupwa ufukweni kwa malundo wakati wa kusi. Ipo nyingine yenye majani marefu mno kama mikanda, Enhalus acoroides, nayo kwa Kenya hupatikana upande wa kaskazini, katika visiwa vya Lamu. Na ipo moja nyembamba, ya kimyakimya, iitwayo Zostera capensis. Hii hupenda matope ya ghuba zilizotulia na midomo ya mito, kule ambako maji ya mto hukutana na maji ya bahari na ladha ikawa si tamu wala si chumvi kamili. Makazi yake ni kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, nayo imeingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vinavyokabiliwa na hatari ya kutoweka. Mmea unaochagua kuishi mdomoni mwa mto huwa umeweka maisha yake mikononi mwa kila mtu anayeishi kando ya mto huo, hadi kwenye chemchemi yake.

Huenda mama akasema: haya ni mambo ya wataalamu, mimi nataka kujua kitoweo kitatoka wapi. Basi tuanzie hapo hapo jikoni. Tafi, ambaye hatuhitaji kumweleza kwa familia yoyote ya pwani, ni mla nyasi. Pono aina ya kijani anayenaswa kwenye madema ni mla nyasi vilevile. Changu wadogo hujificha baina ya majani hayo hadi wapate ukubwa wa kujitetea, na kamba, baada ya kutoka utotoni kwenye mikoko, hutafuta riziki yao katika nyasi hizo hizo. Mvuvi mwenye dema anajua tangu kwa babu yake kwamba dema likitegwa juu ya mchanga mtupu hurudi jepesi. Kasa hulisha humo. Nguva, mnyama mpole ambaye wavuvi wa Lamu na Kiunga walimjua vizuri na sasa ni wachache mno waliobahatika kumwona, hula karibu nyasi peke yake, na kwa siku moja huweza kumaliza kilo 30 au zaidi. Nyasi zikiondoka, nguva hana chakula cha badala.

Wako hata waliozila wenyewe. Imeandikwa kwamba katika visiwa vya Lamu, zamani, watu walichimba vishina vya ile Enhalus, waliyoiita mtimbi, wakavikausha, wakavisaga unga na kuupika. Tungefurahi sana kama bibi yeyote wa Pate, Faza au Kizingitini angekaa na wajukuu wake akawaeleza namna mtimbi ulivyotayarishwa, maana elimu ya namna hii haimo vitabuni kwa ukamilifu, nayo huzikwa pamoja na wenyewe.

Tuingie katika hali yake ya leo. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliotumia picha za setilaiti kupima nyasi za bahari za Kenya tangu mwaka 1986. Ilionekana kwamba kufikia mwaka 2016 zilikuwa zimebaki takriban kilomita za mraba 317. Kupungua peke yake huenda kusingetushtua sana. Kinachoshtua ni mwendo wake. Karibu na mwaka 2000 hasara ilikuwa chini ya theluthi moja ya asilimia kwa mwaka. Kufikia 2016 ilikuwa imepita asilimia moja na nusu kwa mwaka, yaani zaidi ya mara tano. Mwenye shamba akipoteza kiasi hicho kila mwaka, mtoto wake anayezaliwa leo atarithi pungufu ya alichorithi yeye.

Sababu moja ni ile iliyotufanya tuanze na Kianjokoma. Nyasi za bahari zinahitaji nuru ya jua kuliko mimea mingine mingi ya majini. Kwa wastani zahitaji kama sehemu moja kwa kumi ya nuru ifikayo juu ya maji, na baadhi ya aina zahitaji zaidi ya hapo. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa kwa siku chache, mmea huvumilia kwa akiba iliyomo kwenye vishina vyake. Yakibaki hivyo kwa miezi, akiba huisha. Na udongo ukitua juu ya majani, huyafunika na kuyanyima pumzi. Ambaye amesimama Malindi wakati wa kaskazi akaona maji mekundu ya Mto Sabaki yakisukumwa kusini kuelekea mji amekwisha kuiona hali hii kwa macho yake. Sabaki hubeba udongo wa Ukambani na wa pande za Nairobi. Tana hubeba wa Mlima Kenya na nyanda za chini yake.

Lakini haki yataka tuseme yote. Si kila konzi ya udongo unaotoka Embu hufika Kipini. Kati ya mwaka 1968 na 1988 yalijengwa mabwawa matano ya umeme katika Tana: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Rupingazi na Thiba huingia juu ya Kamburu, na sehemu kubwa ya tope lao hutulia katika mabwawa hayo, jambo ambalo ni msiba mwingine kwa watu wa umeme. Mutonga na Kathita huingia chini ya mabwawa yote, bila kizuizi. Fauka ya hayo, mto uliochujwa tope lake na bwawa hutoka na njaa: hula kingo zake wenyewe huko chini, na hivyo hufika Garissa ukiwa mwekundu tena. Hivyo hakuna anayeweza kuchukua tope la Ungwana mkononi akasema, hili ni la shamba la fulani wa Kianjokoma.

Wala tope si adui wakati wote. Wapokomo wa delta wamelima mpunga na ndizi kwa karne nyingi kwa kufuata mafuriko yaachayo rutuba, na mikoko haisimami bila tope. Delta hiyo, ambayo mwaka 2012 iliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ni zao la udongo wa milimani. Shida huja udongo unapozidi kipimo, na unapokuja kwa pupa kutoka kwenye mteremko uliovuliwa miti.

Huko juu si kwamba watu wamelala. Chai yenyewe, ikitunzwa vizuri, hufunika ardhi mwaka mzima, na ule ukanda wa chai wa Nyayo ulioanzishwa miaka ya 1980 ulikusudiwa kuwa ukuta baina ya mashamba na msitu. Udongo huondoka zaidi katika mashamba ya mahindi na maharagwe, kwenye kingo za mito zilizolimwa hadi majini, na kwenye barabara za udongo. Kuanzia mwaka 2012 mradi wa serikali wa kutunza maliasili za Tana ya Juu, uliosaidiwa na shirika la kimataifa la IFAD, ulifanya kazi katika kaunti za mlima ikiwemo Embu, kwa kushirikiana na vikundi vya wakulima na vya watumiaji wa maji. Kazi zake zilikuwa za kawaida tu: matuta ya kuzuia maji, majani ya mifugo juu ya matuta, miti kandokando ya mito. Mama wa Kianjokoma anayepanda matete juu ya tuta lake anafikiria ng'ombe wake, na pengine hajapata kusikia jina la Kipini. Hata hivyo anamfanyia kazi mvuvi wa Kipini bila ujira.

Sasa tuwageukie watu wetu wenyewe, maana hapa ndipo penye uzito. Ni rahisi mno kuketi barazani Mombasa na kuwalaumu wakulima wa bara. Madhara yaliyo karibu zaidi na nyasi hizi yanatoka kwetu. Juya linalokokotwa ufukweni hung'oa majani na kuwazoa samaki wachanga pamoja na wakubwa. Lilipigwa marufuku nchini mwaka 2001, na bado si siri kwa mtu yeyote kwamba linavutwa. Katika Ghuba ya Ungwana meli za kukokota nyavu za kamba zilileta ugomvi mkubwa na wavuvi wadogo, zikasimamishwa mwaka 2006, kisha zikaruhusiwa tena mwaka 2011 chini ya masharti. Mashua za watalii hutupa nanga mahali pale pale kila siku, na kila nanga huacha kidonda. Maji machafu ya mijini huzalisha ukungu wa kijani unaoyafunga majani. Na ziko hoteli zinazofagia nyasi zilizotupwa na kusi ili wageni waone mchanga mweupe, ilhali malundo hayo ndiyo yanayoukinga mchanga wenyewe usichukuliwe na mawimbi.

Lipo pia jambo la kikande. Samaki huyu hula wale wanyama wa mviringo wenye miiba ambao wakikuchoma mguuni hulali usiku. Tulipomvua kikande na wenzake kupita kiasi, wenye miiba wakaongezeka, nao ni walafi wa nyasi. Katika wangwa wa Diani na Chale wameacha viwanja vitupu ambako zamani palikuwa na malisho mazito.

Na sisi wanawake? Tuliseme bila kumlaumu mtu, kwa sababu mama anayeingia majini kuokota kombe anatafuta chakula cha watoto wake, wala hana meli. Katika Ghuba ya Maputo, Msumbiji, ile Zostera capensis ya midomo ya mito iliharibiwa sana na uchimbaji wa kombe: jembe hupindua nyasi pamoja na mizizi, na pasipo mizizi mchanga huhama, na kombe nao huhama. Unguja, kilimo cha mwani kilichoanza katika vijiji vya Paje na Jambiani mwaka 1989 kiliwapa maelfu ya wanawake fedha zao wenyewe, jambo ambalo hakuna anayepaswa kulidharau. Lakini watafiti wa Ghuba ya Chwaka wameonyesha kwamba penye kamba za mwani nyasi hupungua, kwa kivuli na kwa kukanyagwa. Dada zetu wa Kibuyuni wanaolima mwani leo wanaweza kutafuta mchanga usio na nyasi kwa ajili ya vigingi vyao, badala ya kung'oa kwanza na kupanda baadaye.

Kwamba kung'oa kuna gharama, hilo limepimwa hapa hapa nyumbani. Ghuba ya Gazi katika Kwale, ambako mito ya Kidogoweni na Mkurumuji huingia baharini, imechunguzwa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya kwa miaka mingi. Mtafiti Michael Githaiga, na hapa ndipo Embu inaporudi kwa mlango mwingine kwa kuwa yeye ni wa Chuo Kikuu cha Embu, pamoja na wenzake walipima kaboni iliyohifadhiwa chini ya nyasi za ghuba hiyo. Walikuta kwamba mchanga wenye nyasi una kaboni nyingi zaidi kuliko mchanga mtupu ulio jirani yake. Kisha wakafanya jaribio: katika vipande vidogo waliondoa nyasi, wakafuatilia kwa mwaka mmoja na nusu. Sakafu ya bahari ikaanza kumomonyoka, kaboni ikapotea, na viumbe wadogo wa mchangani wakabadilika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019. Kwa hiyo kijana aliyekulia milimani, akisoma sayansi katika chuo cha nyumbani kwake, anaweza leo kufundishwa habari za Gazi kabla hajapata kuiona bahari. Vijana wetu wa pwani wangapi wamefundishwa habari za Rupingazi?

Kurudisha nyasi zilizokwenda kunawezekana, ila si kazi ya haraka. Katika pwani ya kusini yamejaribiwa mabusati ya gunia yanayotandazwa chini na miche kufungwa juu yake, ili mawimbi yasiing'oe kabla mizizi haijashika. Sehemu nyingine miche ilishika. Sehemu nyingine wale wenye miiba waliila yote. Penye maji ya tope daima, wataalamu hawashauri hata kujaribu, kwa sababu mche mchanga unahitaji nuru kuliko mkubwa.

Kila tarehe 1 Machi, kwa azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2022, huadhimishwa siku ya nyasi za bahari duniani. Mwezi wa Machi kaskazi inalegea na maji huwa safi, masika haijafika. Mzazi anayeishi karibu na ufuo anaweza kulitazamia bamvua la mwezi huo akawachukua wanawe, wavulana kwa wasichana, maji yakiwa yamekupwa, akawaonyesha tofauti ya mwani na nyasi: avute kidogo, asing'oe, awaonyeshe mzizi. Wakikuta ua, watakuwa wameona kitu ambacho mabaharia wengi hawajapata kukiona. Na aliye na ndugu au mshirika wa biashara Embu, Runyenjes au Meru na ampigie simu wiki ya pili ya Aprili kuuliza kama mvua imeanza na rangi ya mto ikoje, kisha atazame mwenyewe, baada ya siku chache, maji ya Kipini yamekuwa ya rangi gani.